Mji Uliojiandikia Wenyewe

Kuzihesabu maktaba za umma za Lubumbashi ni kazi isiyomchukua mtu muda. Mji una watu zaidi ya milioni mbili, una chuo kikuu, una makumbusho na shule zisizo na idadi, lakini mahali ambapo mtu wa kawaida, asiye mwanafunzi wala mwanachama, anaweza kuingia na kukaa na kitabu ni pachache mno. Kwa sababu ya uchache huo wengi wamekwisha kutoa hukumu: watu wa Katanga si wasomaji, mji wao ulizaliwa kwa ajili ya shaba, na maandishi tangu mwanzo yalikuwa mambo ya Wazungu na makarani wao. Siikubali hukumu hiyo. Historia ya mji inaonyesha kwamba wakazi wake waliandika na walisoma, tena kwa Kiswahili chao, ila waliyoyaandika hayakupata nafasi katika rafu yoyote ya hapo mjini. Mji ulikuwa na wasomaji; maktaba zilizojengwa kwa ajili yao ndizo ambazo hazikuwahi kuwauliza wanataka kusoma nini. Ushahidi wangu mkubwa ni kijitabu cha mwaka 1965, kilichopigwa taipu na kurudufiwa kwa niaba ya watu waliowahi kupika, kufua na kufagia katika nyumba za Wazungu.

Kabla ya kukifikia kijitabu hicho inafaa tuone karatasi iliingiaje katika maisha ya mji. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na Wabelgiji wakauita mji Élisabethville, kwa jina la malkia wao, Élisabeth. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Wafanyakazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Ruanda-Urundi na vijiji vya Katanga yenyewe, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha lugha ya nyumbani, na hatimaye lugha ya watoto waliozaliwa kambini. Mji ulikatwa vipande viwili: upande wa Wazungu, na upande wa Waafrika ulioanzia Kamalondo ya leo, katikati pakiachwa ukanda wazi ambao mtu mweusi hakuruhusiwa kuuvuka usiku apendavyo. Karatasi ya kwanza aliyoishika mfanyakazi wa mji huu haikuwa ya kusoma kwa starehe. Ilikuwa karatasi ya kazi, ya kodi, ya kitambulisho, na ile hati ya safari ambayo bila hiyo hakuweza kuhama kutoka wilaya moja hadi nyingine. Alitembea na maandishi mfukoni, maandishi yaliyomhusu yeye, yaliyoandikwa na mwingine kwa lugha asiyoijua, na polisi yeyote aliweza kumsimamisha njiani na kuyadai. Walioweza kuyasoma walikuwa makarani, walimu na makatekista, na hao waliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Tukilisahau jambo hili tutashangaa bure kwa nini jengo lenye vitabu vya serikali halikumvuta baba wa familia wa Katuba au wa Kenya (nasema komini ya Kenya hapa Lubumbashi, wala si nchi jirani).

Hata hivyo watu walijifunza kusoma, na mara walipojifunza walitaka kusema. Mwaka 1934 lilianza mjini gazeti lililoitwa Ngonga, lililokusudiwa Waafrika. Halikudumu, lakini katika muda wake mfupi lilipokea barua za wasomaji: watu walilalamika, walisutana, waliulizana habari za ndoa, mahari, mishahara na tabia za vijana wa mjini. Mwenye gazeti alikuwa Mzungu, na yeye ndiye aliyeamua kipi kichapwe na kipi kitupwe, lakini barua zenyewe zinathibitisha kwamba katika miaka ya thelathini tayari kulikuwa na watu waliokaa chini jioni, wakachukua kalamu, wakamwandikia mtu wasiyemwona. Kisha ikaja vita, bei zikapanda, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kukusanyika katika uwanja wa mpira kudai nyongeza ya mshahara. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa hapo pamoja na makumi ya wenzake.

Miaka minne baadaye kilichapishwa hapa hapa Élisabethville kitabu ambacho kingesifika duniani kote: La philosophie bantoue cha padre Placide Tempels, kilichotolewa na Lovania mwaka 1945. Padre alikiandika kwa Kiholanzi, kikafasiriwa kwa Kifaransa, na kilieleza jinsi Waluba wanavyofikiri. Sisemi kwamba kitabu hakina thamani. Kilifungua mjadala ambao wanafalsafa wa Afrika hawajaumaliza hata leo. Nasema tu kwamba Mluba aliyefanya kazi kwenye tanuri la shaba, umbali mfupi kutoka hapo kitabu kilipochapwa, hakuwa miongoni mwa watu waliotazamiwa kukisoma. Fikra zake zilikuwa mada ya kitabu, na mlango wa kitabu ulikuwa umefungwa kwake.

Baada ya vita serikali ya kikoloni iligundua kwamba wale iliowaita watu walioendelea walihitaji mahali pa kusomea. Yakaundwa majumba ya vitabu kwa ajili ya Wakongo, mbali na yale ya Wazungu, na vilabu vya mazungumzo chini ya uangalizi wa mapadre na maofisa. Kutoka Léopoldville kulikuja La Voix du Congolais, gazeti lililoanza mwaka 1945, na Wajesuiti walitoa vijitabu vyao vya mafunzo. Ubaguzi huu haukuwa wa Kongo peke yake. Nairobi ilikuwa na McMillan Memorial Library tangu 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo hadi mwaka 1958. Lakini kulikuwa na tofauti moja iliyokuja kuwa na uzito mkubwa. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na kamati moja ya lugha tangu 1930, na kuanzia 1948 East African Literature Bureau ilichapisha vitabu vya Kiswahili na kuvisambaza hadi vijijini kwa masanduku. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo katika mpango huo. Msomaji wa Tanga aliweza kumsoma Shaaban Robert akiwa hai. Msomaji wa Élisabethville alipewa Kifaransa kama lugha ya kupandia cheo, na Kiswahili kikabaki lugha ya katekisimu na ya amri za kazini. Hata Mwana Shaba, gazeti lililoanzishwa na Union Minière mwaka 1957 na kupendwa sana makambini, lilikuwa gazeti la mwajiri. Liliandika habari za mpira, za usafi wa nyumba na za wafanyakazi waliotunukiwa kwa utumishi wa miaka mingi. Habari za uwanja wa mpira wa 1941 hazikuwa na nafasi humo.

Katika hali hiyo ndipo kilipotokea, mwaka 1965, kijitabu chenye kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina lililowekwa juu yake ni la André Yav, na kilitungwa kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani katika komini za mji. Anayekifungua akitafuta orodha ya maneno anakutana na historia nzima. Yav anaanza na Mfalme Leopold wa Pili na Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa na msafara wa Wazungu mwaka 1891, kisha anashuka hadi kwenye mji wenyewe: wazungu wa kwanza walifikaje, kampuni ilianzaje, boyi alilipwa nini na alikula nini, aliadhibiwa vipi, vita viwili vya dunia viliwafikiaje watu wa hapa. Anawataja mabwana kwa majina waliyopewa na watumishi wao, yale ambayo hayakuandikwa katika hati yoyote ya serikali. Anaeleza pia habari za batumbula, wale waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku ili wawe nyama ya Wazungu. Msomaji wa leo anaweza kuzicheka habari hizo. Mwanahistoria Luise White hakuzicheka. Alizitumia katika utafiti wake, kwa kuwa mtu anayesema Wazungu wanatula anasema jambo kuhusu kazi, mwili na malipo ambalo takwimu za kampuni haziwezi kulisema.

Mahali Yav alipotazamia mambo ndipo penye uzito. Mtumishi wa nyumbani alisimama nyuma ya kiti wakati bwana na wageni wake wakizungumza, na mara nyingi waliongea kana kwamba hayupo. Alijua nani ana deni, nani amegombana na mkewe, nani amepandishwa cheo, na mji unapangiwa nini. Mchimba madini aliijua kampuni kwa chini, kwenye udongo na moshi. Boyi aliijua kwa ndani, mezani na chumbani. Chama cha watu wa namna hiyo kilipoamua kuandika historia yake, kilikuwa na habari ambazo hakuna ofisa wala padre aliyeweza kuziandika. Na muda wake ulikuwa mfupi kuliko walivyoweza kujua. Novemba mwaka huo huo Mobutu alitwaa madaraka, mwaka 1966 mji ukabadilishwa jina kuwa Lubumbashi, na ulipoingia mwaka 1967 mali ya Union Minière ilikuwa mikononi mwa serikali. Kijitabu cha Yav kiliuandika mji chini ya jina lake la zamani, mwaka mmoja kabla jina hilo halijaondolewa.

Umbo lake nalo linafundisha. Kimepigwa taipu na mtu ambaye hakufuata kanuni za shule: maneno mengine yameunganishwa pale ambapo mwalimu angeyatenganisha, mengine yamekatwa katikati, alama za kituo zimewekwa kwa nadra, Kifaransa na Kiswahili vinaingiliana katika sentensi moja. Ukikisoma kwa macho matupu unajikwaa kila mstari. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi katika miaka ya sabini na aliyekitoa kijitabu hiki kwa ulimwengu mwaka 1990, alilazimika kusaidiwa na Kalundi Mango, mzawa wa Katanga, aliyekisoma kwa sauti. Sauti ilipopanda, maneno yakajipanga. Kilichoonekana kuwa makosa kikawa namna ya kuandika kwa ajili ya masikio, kwa mtu mmoja kusoma na wengine kusikiliza. Wasomaji wa pwani hawatashangaa: tenzi za Lamu na Pate ziliandikwa kwenye karatasi ili zighanwe mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo watu wa Lamu hawana maandishi.

Hapa nitaambiwa kwamba nakuza kitu kidogo. Kijitabu kimoja hakifanyi mji wa wasomaji. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kijitabu kingesimama peke yake. Lakini kina ndugu zake. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya mia moja, kuanzia wakati wa mababu hadi Mobutu na hata nyakati zijazo, na juu ya picha nyingi aliandika maneno kwa mkono wake. Picha za aina hiyo hazikuwa za makumbusho. Ziliuzwa kwa wafanyakazi, zikatundikwa sebuleni, na mgeni alipoingia mwenye nyumba alizieleza. Picha ya mfungwa anayechapwa fimbo mbele ya ofisa wa Kibelgiji ilikuwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Nikiambiwa kwamba nyumba hizo hazikuwa na vitabu, nitajibu kwamba zilikuwa na kurasa ukutani, zenye maandishi, zilizosomwa na kujadiliwa. Nakubali kwamba ushahidi mwingine unaelekea upande wa pili. Kundi la maigizo la Mufwankolo, lililowachekesha na kuwafunza watu kwa miongo mingi redioni na kwenye televisheni, liliigiza bila matini iliyoandikwa. Wazo lilijadiliwa, kila mtu akapewa nafasi yake, na maneno yakazaliwa mchezo ukiendelea. Huo ni ustadi wa masimulizi na usiitwe kwa jina jingine. Ila kuwapo kwa masimulizi hakufuti maandishi. Katika mji huu vilikaa pamoja, na mtu yule yule aliyemsikiliza Mufwankolo jioni aliweza kuandika barua asubuhi.

Pingamizi zito zaidi linahusu lugha. Tangu wakati wa ukoloni imesemwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi ni lugha ya mitaani, imechanganyika, haina sarufi inayostahili kuchapwa, na kwamba maktaba haina budi kumpandisha msomaji hadi kwenye Kifaransa au walau Kiswahili sanifu. Siwapingi wanaotaka watoto wa Katanga wajue Kifaransa vizuri. Mlango wa ofisi, wa mahakama na wa chuo kikuu bado unafunguliwa kwa lugha hiyo. Na Kiswahili sanifu kinamfungulia msomaji wa Lubumbashi vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, jambo jema sana. Ninachokataa ni mantiki ya kwamba lugha isiyochapwa haifai kuchapwa, kisha kwa kuwa haifai haichapwi. Yav aliandika historia ya miaka zaidi ya sabini kwa lugha hiyo: alitaja tarehe, alilinganisha mishahara, alieleza sababu, alitoa hukumu. Lugha iliyobeba kazi hiyo inastahili rafu. Isitoshe, maktaba inayodharau lugha ya nyumbani ya msomaji inamwambia tangu mlangoni kwamba yaliyompata yeye na wazee wake si sehemu ya elimu, na mtu akiambiwa hivyo mara mbili harudi mara ya tatu.

Wapo watakaosema: basi kama watu walijiandikia na kujisomea wenyewe, maktaba za nini? Swali hili linanigusa kuliko mengine, kwa sababu jibu lake limo katika historia ya kijitabu chenyewe. Karatasi iliyorudufiwa haidumu. Inaliwa na mchwa, inalowa mvua ikivuja, inafungiwa karanga sokoni. Ikiwa leo tunaweza kumsoma Yav, ni kwa kuwa nakala moja iliangukia mikononi mwa watafiti, ikachapwa ng'ambo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na tangu mwaka 2001 imewekwa kwenye intaneti katika hazina ya maandishi ya Kiswahili cha watu, inayotunzwa kutoka Amsterdam. Picha za Tshibumba nazo, nyingi ziko Amsterdam katika jumba lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023. Nawashukuru waliovihifadhi, na shukrani hiyo ni ya dhati. Lakini mji ambao kumbukumbu yake inatunzwa Uholanzi umekosa chombo cha lazima, na chombo hicho ni maktaba. Masimulizi na ujasiri wa watu binafsi haviwezi kushika nafasi yake.

Mji ulitegemea nini badala yake? Ulitegemea wakubwa. Kampuni ilijenga shule, hospitali, vilabu na gazeti. Misheni ilijenga vyuo. Ubelgiji ulileta chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956 na ambacho leo kiko Kasapa, nje ya mitaa ya watu. Ufaransa ulileta kituo chake cha utamaduni, Halle de l'Étoile, chenye vitabu vya Kifaransa. Kila mmoja alitoa kwa malengo yake na kwa lugha yake. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipodhoofika katika miaka ya tisini, kila kilichoning'inia kwake kiliyumba nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wengi wao wakiwa bado wanadai mishahara ya miezi mingi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika jinsi bana Shaba, yaani watu wa familia za wafanyakazi wa kampuni, walivyojiona yatima walioachwa na baba yao. Kitabu cha kusoma katika familia ya namna hiyo si jambo la kwanza kununuliwa. Kama vitabu vingekuwa mali ya komini, vikilipiwa na komini na kuchaguliwa na watu wake, vingeteseka pia, lakini visingekuwa na sababu ya kufa siku ile ile kampuni ilipougua.

Siku hizi wengi wanaamini simu imelimaliza suala lote, kwamba kila mtu ana maktaba mkononi. Simu imefanya jambo kubwa, na wanaoipuuza hawaangalii: imefanya Kiswahili cha Lubumbashi kiandikwe kila saa na maelfu ya watu, katika jumbe za biashara, za misiba, za mapenzi, bila kuomba ruhusa kwa mwalimu yeyote. Wanaandika kama alivyoandika Yav, jinsi wanavyosikia. Lakini vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha, umeme hukatika, simu hudondoka ikapasuka au huibwa, na jumbe zake hupotea nayo. Maandishi ya Yav yako wazi kwa yeyote mwenye simu katika komini ya Kenya, ila hawezi kuyatafuta mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba yapo. Kuambiwa kwamba kitu kipo, na kupewa kiti cha kukisomea, ndiyo kazi ya mtunza maktaba, na hakuna simu iliyoifanya hadi sasa.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilionyesha njia mwaka 2000 kwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliokusanya masimulizi na vitu vya nyumbani vya wakazi na kuvionyesha kwenye makumbusho ya mji. Ninawaomba wakuu wa mkoa wa Haut-Katanga waendeleze pale. Kijitabu cha Yav kichapwe upya hapa hapa, kwa Kiswahili chake kilivyo, kando yake pakiwa na maandishi yaliyonyooshwa ili kisomeke kwa urahisi, na nakala ziwekwe katika komini zote saba, mahali pasipodai kadi ya mwanafunzi. Nanyi mlio na madaftari ya baba zenu, barua za kambini au matoleo ya zamani ya Mwana Shaba, msiwape wauza karanga. Yapigeni picha ukurasa kwa ukurasa, kisha pelekeni nakala kwenye Idara ya Historia au Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.